Mwambie Hamisi asubiri

Tucson, Arizona
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Habari za siku nyingi? Mpe Bi Mkubwa shikamoo yangu. Nisamehe kimya changu tangu Idi, zamu za usiku zimenibana. Lakini ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi: wapimaji wa reli wamepaka rangi nyekundu kwenye michikichi ya Bi Mkubwa, na Hamisi yuko tayari kutia saini?

Zuhura, hata hapa ninapokaa paliuzwa kwa ajili ya reli. Palikuwa Meksiko. Wamarekani walitaka njia ya kusini ya kufika Pasifiki bila kupanda milima mikubwa, na Desemba 1853 balozi wao, James Gadsden, akapatana na Rais Santa Anna, ambaye hazina yake ilikuwa tupu. Bei ikaishia dola milioni 10, kwa ardhi inayokaribia mkoa mzima wa Tabora. Treni yenyewe ikafika Tucson mwaka 1880! Miaka 26 ardhi imeshauzwa, treni hakuna.

Na wenyewe, Watohono O'odham, hakuna aliyewauliza. Mpaka ukapita katikati yao. Nafanya kazi na mama mmoja wa kabila hilo. Jana wakati wa chai alinionyesha picha kwenye simu: kaburi la bibi yake, mawe meupe na msalaba wa mti ulioinama, upande wa Meksiko. Akitaka kwenda kulifagia, sharti apite mpakani na makaratasi mkononi. Nikamkumbuka marehemu baba yenu pale chini ya mwembe.

Sipingi reli, unanijua. Babu yangu alitulisha kwa mshahara wa reli. Ninachoogopa ni hiyo saini ya haraka. Hela ya Santa Anna ilikwisha, na mwaka 1855 yeye mwenyewe akakimbia nchi. Ardhi haikurudi.

Sasa niambie: rangi imefika mwembeni? Hiyo karatasi ya tathmini inahesabu michikichi mmoja mmoja, au imeandika shamba tu? Kaburi wameliandika? Na kwa nini asaini Hamisi wakati shamba ni la Bi Mkubwa, naye yupo na kusoma anajua? Mjomba Issa anasemaje? Ipige picha karatasi hiyo, kurasa zote, unitumie kabla ya Jumatano. Hamisi asishike kalamu kwanza.

Wako,
Mwajuma