YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA NGOME YA CHILLON, USWISI

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilikuwa miongoni mwa wateja wenu katika safari ya Ulaya. Ratiba mliyotupa iliahidi kwamba tungetembezwa ndani ya Ngome ya Chillon, na kiingilio kilikuwa kwenye bei tuliyolipa.

Badala yake, basi lilikaa mji jirani wa Montreux kwenye duka la saa na chokoleti mpaka jioni. Tulipofika Chillon, dirisha la tiketi lilikuwa limeshafungwa. Tukasimama kwenye daraja la mbao, lango limefungwa, maji ya Ziwa Geneva yakipiga mwamba uliobeba kuta zile. Tukapigana picha, tukarudishwa kwenye basi. Nilipolalamika, mwongozaji wenu akanijibu, "Mama, usijali, mle ndani ni mawe matupu."

Jibu hilo liliniuma kuliko lango lenyewe. Nimefundisha historia sekondari mpaka kustaafu, na Chillon ndiyo iliyonifanya nichague safari yenu. Ngome hiyo imetajwa kwenye maandishi tangu 1150. Watawala wa Savoy, ukoo wa kikabaila uliotawala eneo hilo, waliitumia kubana njia nyembamba kati ya ziwa na mlima, wafanyabiashara wa kwenda na kutoka Italia wakilipa ushuru hapo. Chini kuna shimo la gereza alimofungwa François Bonivard, mpinzani wa watawala hao, kwa minyororo, hadi jeshi la mji wa Bern lilipoiteka ngome mwaka 1536 likamfungua. Kwenye nguzo mojawapo pamechongwa jina la Byron, mshairi wa Uingereza aliyefika 1816. Juu kuna chumba cha bwana wa ngome chenye michoro ya ukutani ya karne ya 14. Mtu anayelipwa kuwatembeza watu hapo anawezaje kusema ni mawe matupu?

Naomba mturudishie kiingilio, mimi na wenzangu wote wa basi lile, kwa kuwa huduma hiyo hatukuipata. Naomba pia maelezo: nani aliamua muda wa ngome uliwe na duka, na je, duka lile huwalipa chochote? Kama hamna nia ya kuwaingiza wateja ndani, ahadi hiyo iondoeni kwenye ratiba kabla hamjapokea fedha za kundi lingine.

Nimeambatisha risiti na nakala ya ratiba. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wako katika kudai haki,
Mteja, Tanga