Mdogo wangu, usimbadilishe mtoto jina

Mdogo wangu, nakuandikia hapa mana jana kwenye simu ulikuwa unalia nikashindwa kumaliza nilichotaka kukwambia, na najua wapo kina mama wengine wa njiti, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wameambiwa maneno hayo hayo.

Eti Khadija ni jina la nuksi, eti maana yake mimba iliyoharibika, mpe jina jingine asije akabaki hivo hivo. Aliyekwambia kasoma nusu.

Sikufichi, jina kweli linatokana na kuzaa kabla ya wakati. Waarabu wa zamani walifuga ngamia, na ngamia akizaa siku hazijatimia walisema khadajat, mtoto wake khadij, akiwa jike ndo khadija. Sa nisikilize vizuri. Walikuwa na neno jingine, akhdajat, la ngamia aliyezaa ndama mwenye kasoro ya umbo hata kama miezi imetimia, na ndama huyo ni mukhdaj, sio khadij. Umeona? Mabingwa wa lugha yao waliyatenganisha kabisa, khadij wakasema ni yule aliyewahi kutoka ijapokuwa umbo lake limetimia. Mpaka leo njiti kwa Kiarabu wanaitwa khudaj, hospitalini wanaandika hivo hivo, wala sio tusi.

Halafu mwenye jina mwenyewe, bibi Khadija bint Khuwaylid, mfanyabiashara wa Makka, mali yake inasafirishwa mpaka Sham, yaani upande wa Syria, na Mtume s.a.w. alimpelekea biashara huko kabla hawajaoana. Siku Mtume aliyorudi kutoka pango la Hira, alikoshukiwa na wahyi wa kwanza, anatetemeka alikimbilia kwake, akasema nifunikeni, nifunikeni, akafunikwa mpaka hofu ikamtoka. Bibi Khadija alipofariki, mwaka 619, na Abu Talib, ami yake Mtume, akafariki mwaka huo huo, ukaitwa mwaka wa huzuni. Jina hilo ndo la nuksi?

Mi mwanao nimemuona. Wiki ya 32, kilo 1.6, umemuweka kifuani ngozi kwa ngozi, khanga imewazungusha wote wawili, kamkono kake kamelala chini ya shingo yako na kucha zote tano zipo, ndogo kama magamba ya dagaa. Hakuna kilichopungua pale, kawahi tu.

Kwenye kadi ya kliniki andika Khadija au Hadija kama bibi zetu walivozoea, yote sawa. Kesho nakuja na zile khanga kuukuu za mama, mpya zinamkwaruza.