Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kuhamia Zamalek

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba umepata kazi Cairo, na kwa kuwa ramani inaonyesha Zamalek imetenganishwa na katikati ya jiji kwa mkono mmoja tu wa mto Nile, umeazimia kupanga huko. Mimi ninaishi kisiwani hapa kwa mwaka wa sita sasa. Nakusihi usitie saini mkataba wowote kabla ya kusoma barua hii.

Sifa ulizozisikia ni za kweli. Zamalek ni nusu ya kaskazini ya kisiwa cha Gezira, ambako Khedive Ismail, mtawala wa Misri wa wakati huo, alijenga kasri la kuwapokea wageni wa ufunguzi wa Mfereji wa Suez mwaka 1869. Kasri hilo leo ni hoteli. Klabu ya michezo iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1882 bado imeshika eneo kubwa la kisiwa, na balozi nyingi zimekaa katika majumba ya zamani yenye bustani. Kivuli cha miti ya mitaa ya ndani ndicho kilichonifanya nisihame.

Hata hivyo, kila anayetoka kisiwani kwa gari hana budi kupita darajani, na jioni madaraja hayo hujaa kiasi kwamba mwenye miguu humtangulia mwenye teksi. Isitoshe, barabara ya juu inayotoka daraja la 15 Mei hupita juu ya Mtaa wa 26 Julai, sambamba na madirisha ya ghorofa za chini. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa hapo. Dalali alinionyesha siku ya Ijumaa asubuhi, wakati jiji zima limepumzika, nami nikaamini nimepata utulivu. Jumapili, wiki ya kazi ilipoanza, nilishindwa kuzungumza kwa simu dirisha likiwa wazi. Basi ukionyeshwa nyumba Ijumaa, rudi Jumapili jioni.

Tangu mwaka 2022 tuna kituo cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi, kiitwacho Safaa Hegazy. Baadhi ya wakazi walikipinga kwa miaka mingi wakihofia misingi ya majengo yao ya zamani, na hofu hiyo naielewa. Lakini naona kituo hicho ni haki ya wapishi, wauguzi na wafagiaji wanaovuka mto kila alfajiri ili sisi tuishi vizuri.

Usishangae pia ukigundua kwamba jirani yako anayeishi katika nyumba kama yako hulipa sehemu ndogo sana ya kodi yako. Mikataba ya zamani ilizuia kodi isipande kwa miongo kadhaa, na sheria ya mwaka 2025 imewapa wapangaji hao wa makazi miaka saba tu kabla ya mikataba hiyo kukoma. Wengi wao ni wazee, kwa hiyo usilizungumze jambo hilo kijuujuu mbele yao.

La mwisho ni bawabu. Katika majengo mengi huishi chini ya ngazi pamoja na familia yake, mara nyingi akiwa ametoka Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi. Msalimie kila siku, ujue majina ya watoto wake, na usimtume usiku bila sababu. Yeye ndiye ajuaye kama lifti inafanya kazi na kama maji hufika ghorofa ya juu wakati wa kiangazi. Mwulize hayo kabla hujamlipa dalali chochote.

Ni mimi kaka yako.