Barua kwa Mwanangu Aliyeanza Kujipikia

Tanga, Jumapili asubuhi

Mwanangu Bakari,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Ngamiani hatujambo, dada yako na wanawe ni wazima, na bibi yako kila siku anauliza kama huko Dodoma umeshapata mtu wa kukusongea ugali. Nilipomjibu kwamba unajisongea mwenyewe alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema basi nikufundishe vizuri, maana mwanamume mwenye njaa huuza hata godoro lake.

Ujumbe wako wa juzi, unaosema kwamba fedha ya chakula imekwisha na mwezi ungali tarehe 19, nimeusoma mara mbili. Nimekutumia kidogo, lakini sitaki kukutumia kila mwezi, na sidhani kwamba mshahara wako ni mdogo kiasi hicho. Nilipokutembelea mwezi wa Mei niliona mambo ambayo sikuyasema kwa sababu nilikuwa mgeni wako. Chini ya meza palikuwa na mfuko wa nyanya sita, nne zimeoza na mbili zinangoja zamu yao. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ya maharage iliyochacha. Na mchicha ulioununua Jumamosi ulikuwa umekauka ukiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Bei ya chakula, mwanangu, si ile uliyomlipa muuzaji tu. Ukinunua nyanya sita ukala mbili, umezila hizo mbili kwa bei ya sita, na hakuna duka la kitajiri linalouza nyanya kwa bei hiyo. Kwa hiyo kabla hujajinyima nyama, chunguza kwanza ndoo yako ya taka kwa wiki moja na uandike kila kilichoingia humo.

Nianze na kununua. Duka la karibu na chumba chako linakuuzia mafuta ya kupima, sukari ya robo na unga wa nusu kilo, na simlaumu mwenye duka, kwa sababu naye hulipia kodi ya pango na vifuko vya kufungia. Lakini anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua kwa wingi, na mwisho wa mwezi huwa amelipa bei ya mfuko mzima bila kuwahi kuwa na mfuko. Umeniambia kwamba mnakaa vijana watatu katika ua huo. Changeni fedha mara tu mnapopokea mshahara, mnunue dumu moja la mafuta ya kula na mchele wa kutosha mwezi, mgawane kwa mizani siku hiyohiyo ili pasiwe na manung'uniko. Vitu vibichi, kinyume chake, visinunuliwe kwa wingi hata bei ikikushawishi. Nilipokuwa na umri wako niliwahi kushuka kwenye basi pale Mombo nikanunua tenga zima la nyanya zilizokuwa zimeteremshwa kutoka Lushoto, kwa kuwa bei yake ilikuwa kama ya bure. Sikuwa nimefikiria nitazifanya nini. Zile za chini zilikuwa zimepondeka tangu njiani, maji yake yakaziambukiza za juu, na baada ya siku tatu jirani zangu wote walikuwa wamekula mchuzi mwekundu isipokuwa mimi, niliyekuwa nikimwaga.

Sokoni Majengo ujihadhari na vipimo. Sado ni kopo zuri la kupimia likiwa zima, lakini wako wauzaji wanaolibonda kitako kwa ndani, na ukiliangalia kwa juu huoni kitu. Omba uligeuze ulitazame. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Penye mizani, nunua kwa kilo. Fungu la nyanya au vitunguu lichambue kwa mkono wako mwenyewe kabla hujatoa fedha, kwa maana chini ya fungu zuri ndiko wanakolazwa wagonjwa.

Lijue pia jambo la majira, ambalo sisi wa pwani tunalijua kwa samaki. Upepo wa kusi ukivuma bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki, na samaki hupanda bei. Kaskazi ikiingia hali hubadilika. Hata dagaa wa Mwanza na Kigoma wanaokufikia huko huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali taa za wavuvi haziwavuti tena, hivyo anayenunua dagaa wakati wa giza hununua mapema kwa ajili ya siku za mwezi mpevu. Kwa mahindi, upo mahali pazuri kuliko mimi. Soko la nafaka la Kibaigwa liko njiani, kati ya Morogoro na Dodoma, na miezi hii ya baada ya mavuno ndiyo miezi ambayo bei huwa chini. Ikifika Januari hadi Machi, wakati mashamba yangali mabichi, utanunua mahindi yaleyale kwa bei ya kuomba radhi.

Hapo sasa ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu mahindi ya bei nafuu yaliyowekwa vibaya ni hasara mbili. Kwanza yawe makavu. Wazee huuma punje moja kwa jino wakasikia inavyopasuka, lakini meno yako bado hayajajifunza, kwa hiyo tumia njia ya chumvi: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayo yana maji, yarudishe juani juu ya turubai, wala usiyaanike kwenye udongo mtupu. Chumvi ikianguka yote chini, yanafaa kuwekwa.

Kisha kuna wadudu. Fukusi unawajua, lakini yupo pia dumuzi, ambaye aliingia nchini mwetu kupitia Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wakambandika jina la Scania, kwa jinsi anavyobeba mzigo mzima asibakize kitu ila unga. Marehemu baba yako alipoteza gunia zima kwa mdudu huyo. Tulilifungua tukakuta punje zimebaki maganda. Siku hizi ipo mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kawaida nje, ambayo kila tabaka hufungwa peke yake kwa kukazwa sana, wadudu wakakosa hewa wakafa bila dawa yoyote. Kwa mtu mmoja kama wewe, mfuko huo ni mkubwa. Chukua madumu ya lita 20 yaliyooshwa na kukaushwa mpaka ndani, yajaze mahindi au kunde hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, funga kwa nguvu, na usiyafungue kwa udadisi. Fungua dumu moja tu, limalize, ndipo uende la pili.

Jambo la ukungu ninalisema kwa ukali, unisamehe. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au inayouma kwa uchungu itupe, usiisage pamoja na nzuri kwa kuona huruma, na usiwape kuku wa jirani. Hapa ndipo mahali pekee ninapokuruhusu kutupa chakula bila kuandika katika daftari.

Usage kidogo kidogo. Dona lina kiini chake, na kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wake huanza kunuka mapema kuliko sembe. Peleka mashineni mahindi ya wiki mbili tu. Lakini ule dona, maana mtu anayelipa kukoboa hulipa ili aondolewe sehemu yenye faida, kisha pumba zake akauziwa mfugaji.

Mchele uulizie umri wake. Mchele mpya hunata na hutaka maji machache, lakini mchele uliokaa huvimba na kujaza sufuria, na kwa mtu anayehesabu vibaba tofauti hiyo inaonekana. Chenga nazo zisidharauliwe, kwa sababu kwa uji wa mchele na kwa vitumbua hazina tofauti na mchele mzima, na bei yake ni ya chini.

Maharage ndiyo nyama yako, na mkaa ndio adui yako, kwa hiyo tuyazungumze pamoja. Yaoshe jioni, yaloweke usiku kucha, na asubuhi umwage maji hayo, kwa maana ndiyo yanayojaza tumbo upepo. Yachemshe kwa moto mkali usiopungua dakika kumi. Usiyaweke kwenye moto hafifu tangu mwanzo, hasa yale mekundu, kwani mabichi yana kitu kinachotapisha. Baada ya nusu saa ya kuchemka, epua sufuria pamoja na kifuniko chake na kuizika ndani ya kikapu ulichokisheheneza matambara na blanketi kuukuu, funika juu kwa mto, kisha nenda kazini. Ukirudi yatakuwa yameiva kwa joto lake lenyewe. Yarudishe motoni yachemke, gawa sehemu ya siku hiyo uiunge, na sehemu nyingine isiyoungwa mpe mwenzako mwenye jokofu akuwekee. Maharage yaliyokwisha kutiwa nazi na nyanya huchacha upesi, na hilo ndilo lililoiua ile sufuria ya mwezi wa Mei.

Nazi, kwa kuwa najua utaililia, huko bara ni ghali, kwa hiyo usiikamue mara moja ukatupa. Tui la kwanza liweke kando, kamua tena kwa maji ya vuguvugu, pikia tui la pili, na lile zito litie mwishoni chakula kikikaribia kuiva. Kuna tineja mmoja hapa mtaani anayetia yote pamoja tangu mwanzo, na mama yake anamwangalia tu.

Sasa nikusifie mji wako. Hapa Tanga hewa ina unyevu, mboga nikizianika zinapata ukungu kabla hazijakauka, lakini Dodoma tangu Mei hadi Novemba ni kiangazi kikavu, na wenyeji wako Wagogo wanajua kuutumia ukame huo kuliko mtu yeyote. Ule mlenda mkavu unaouona sokoni na kuupita ni mboga ya masika iliyongojea kiangazi. Wewe nawe fanya hivyo kwa majani ya kunde na kisamvu: yachemshe kidogo tu, yachuje, yatandaze kwenye wavu au chekecheke lililoinuliwa kutoka chini, kivulini penye upepo na si juani, kwa sababu jua kali hula rangi na virutubisho vyake, na ufunike kwa kipande cha chandarua maana upepo wa huko una vumbi. Nyanya zikishuka bei, zikate vipande vyembamba, zinyunyizie chumvi, hizo zianike juani siku mbili tatu mpaka zikunjike kama ngozi bila kukatika. Jirani yangu Msukuma aliwahi kunionyesha viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, wanaviita michembe, na vile vilivyochemshwa kwanza, matobolwa. Vya pili hutafunwa na chai bila sukari, na tangu siku hiyo sijanunua biskuti.

Kiporo cha wali kile asubuhi, lakini kisilale juu ya jiko tangu saa mbili usiku kikingoja jua. Kikipoa tu kiweke kwenye jokofu, na kama huna jokofu pika kinachotosha usiku huo, kwani wali uliolala kwenye joto huzaa sumu ambayo kuupasha moto hakuitoi. Nyama nayo, ukinunua nusu kilo, ichemshe yote siku hiyo kwa chumvi na tangawizi, ile ya kesho uichemshe tena asubuhi, na isivuke kesho jioni.

Vitunguu vining'inize kwenye wavu, mbali na viazi mviringo. Mchicha ukiuleta, usimamishe mizizi yake kwenye kopo la maji kama maua.

Nimempa kondakta wa basi la Alhamisi kikapu chako; kipokee stendi mwenyewe. Humo kuna ng'onda wawili, samaki waliokaushwa kwa chumvi; waloweke usiku mmoja na kubadilisha maji kabla ya kuwapika, la sivyo chumvi itakushinda. Kuna mbuzi ya nazi ya bibi yako, aliyoitoa kwa shingo upande. Kuna chupa mbili za achari ya ndimu na moja ya embe. Hizo za ndimu bado ganda lake halijalainika vizuri, zitoe juani kila siku kwa wiki moja, uchote kwa kijiko kikavu tu, na zikiisha zioshe uzirudishe kwa basi hilohilo, kwa sababu msimu wa maembe unaanza Novemba na chupa za mdomo mpana sina nyingine.

Mama yako