Tusichue kila mguu unaouma baada ya misuli kukaza

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo familia yangu ililifahamu kwa kuchelewa. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume alisafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akiwa kiti cha dirishani na mzigo umembana miguuni, na kwa kuwa hakutaka kumsumbua abiria wa pembeni yake, hakushuka hata basi liliposimama watu wale chakula. Usiku wa pili baada ya kufika, misuli ya tafu la kushoto ilimkaza ghafla hadi akapiga kelele. Wifi yangu aliunyoosha mguu na kuvuta vidole kuelekea juu, na baada ya dakika chache misuli ikalegea.

Maumivu hayakwisha. Siku ya kwanza hakuna aliyeshangaa, kwa sababu misuli iliyokaza sana huuma baadaye kama mahali palipopigwa, na kwa kawaida uchungu huo hupungua na kwisha ndani ya siku moja au mbili. Siku ya tatu alikuwa akichechemea. Alikwenda duka la dawa akapewa vidonge vya kutuliza maumivu na dawa ya kuchua, na jioni akachuliwa kwa nguvu, kama sote tulivyolelewa kufanya. Vidonge vilimpa nafuu ya saa chache, nasi tukadhani anapona.

Siku ya tano wifi aliona kwamba soksi ya kushoto imeacha mkunjo mzito juu ya kifundo cha mguu, ilhali ya kulia haikuacha alama. Yeye ni fundi cherehani. Alichukua futi yake ya kushonea akayapima matafu yote mawili mahali pale pale, upana wa kiganja chini ya goti, na la kushoto likazidi kwa sentimita 4. Lilikuwa na joto pia kuliko mwenzake. Walikwenda hospitali asubuhi hiyo hiyo, na kipimo cha altrasaundi kikaonyesha kwamba damu imeganda katika mshipa mkubwa wa ndani ya mguu. Daktari alitueleza kwamba huenda kile tulichokiita kukaza kwa misuli kilikuwa dalili ya mwanzo ya ugonjwa huo, kwamba bonge la damu linaweza kumeguka, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua, na kwamba mguu wa namna hiyo hauchuliwi. Alitumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa.

Sisemi kila aliyekazwa na misuli akimbilie hospitali. Wajawazito, wazee na wacheza mpira hukazwa mara kwa mara na hupita salama. Ninachokipinga ni desturi yetu ya kuamua kwa kuuliza mguu unauma kiasi gani, kwa kuwa damu iliyoganda huweza kuuma kidogo tu. Tuulize kama maumivu yanapungua siku hadi siku, kama yako mguu mmoja, na kama mguu huo umevimba au una joto. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mkono uaminiwe kuliko jicho. Tukumbuke pia yaliyotangulia: safari ndefu ya kukaa, upasuaji, mguu uliofungwa plasta, kujifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, saratani, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Mwenye dalili hizo, hasa akiwa na mojawapo ya mambo haya, aende akapimwe siku hiyo hiyo. Akianza kubanwa na pumzi, kuchomwa kifuani anapovuta hewa, kukohoa damu au kuzimia, asisubiri kupambazuke.

Yako mengine yanayohitaji daktari, kama vile mguu uliopoa na kupauka, misuli iliyokatika hata mtu akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea baada ya kazi nzito.

Ombi langu ni kwa wauza dawa, kwa sababu wengi wetu huanzia kwao. Kabla ya kutoa vidonge, wamwombe mteja akunje suruali waitazame miguu yote miwili, wamuulize maumivu yameanza lini na kama amesafiri karibuni. Mdogo wangu hakuulizwa lolote kati ya hayo, na siku mbili zilizofuata aliendelea kuchuliwa.

Ni mimi msomaji wako,
Mwanza