Barua ya Wazi: Kiwanja Hicho Hakikuwa Kitupu

Mheshimiwa,

Assalaam alaikum. Sitakutaja jina wala ofisi. Watu wa Shela hapa Malindi wanakujua, na wewe unajijua.

Jumatatu tuliamka tukakuta X ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa bustani yetu ya kumbukumbu ya waliopotea baharini, na karatasi imebandikwa kwenye mwarobaini. Inasema "kiwanja kitupu" kitasafishwa, pajengwe mtambo wa barafu na soko la samaki. Habari za kubomolewa nilizisikia tangu Ramadhani. Kilichonichoma ni hilo neno kitupu.

Nikubali kwanza yaliyo kweli. Bustani imechakaa. Taa zimevunjika, vijana hukaa humo na muguka hadi usiku wa manane, na mbuzi wa jirani wanaijua kuliko sisi. Barafu nayo tunaihitaji sana. Wakati wa kaskazi samaki wakijaa, mvuvi anamuuza changu kwa bei ya kutupa kwa sababu akimweka hadi jioni ameoza. Mtoto wa marehemu kaka yangu ni mvuvi, na anautaka mtambo huo. Aliniambia wazi: "Shangazi, wafu hawali." Basi usidhani nakuandikia kwa niaba ya mtaa mzima. Hata nyumbani kwetu tuligawanyika.

Lakini huyo marehemu kaka yangu jina lake liko kwenye jiwe la bustani ile, na nataka ujue lilifikaje pale.

Alitoka na mashua, wakiwa watatu, kusi imeshaanza kuchacha. Kilichorudi ni kasia moja na galoni ya maji ya kunywa. Maiti isipoonekana, Mheshimiwa, hakuna kuosha, hakuna sanda, hakuna kaburi la kwenda kusomea Yasini. Wifi yangu hakujua akae eda au aendelee kumngoja mume. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, lakini uihesabu kuanzia lini, kama hakuna aliyekiona kifo? Kwa kadhi aliambiwa asubiri. Serikalini vilevile: sheria ya ushahidi inataka ipite miaka 7 bila habari yoyote ndipo mtu ahesabiwe kuwa amekufa. Miaka 7 bila cheti cha kifo, na vijisenti vyake vya akiba havigusiki. Kabla ya ofisi yoyote kutupa karatasi, wazee wa ufuoni walimchonga kwenye jiwe lile wakatuambia, huyu harudi tena, mlilieni. Wifi yangu alilia siku hiyo. Nadhani ndiyo siku aliyofiwa.

Majina ya Wabajuni na ya Wagiriama yamepangana pale bila mpaka. Siku ya kumbukumbu, hawa wanasoma hitma upande huu, wale wanaimba nyimbo zao za kanisani upande ule, kisha kahawa inamiminwa kutoka birika moja.

Mji huu unajua kuwatunza waliokuja na bahari. Vasco da Gama alifika 1498, na nguzo yake hadi leo mgeni huikatia tiketi. Mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier alipita akielekea India, akamzika hapa Malindi mtu aliyefia chomboni. Msafiri wa siku chache tu, akapata kaburi. Makaburi yaliyo kando ya kanisa dogo la Wareno bado yanatunzwa, na mimi sina kinyongo nayo. Mekatilili wa Menza, aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, alingoja karibu miaka mia kupata sanamu na bustani yenye jina lake mjini. Sisi tulijichangia mifuko ya saruji wenyewe, hatukumngoja mtu.

Karatasi yako inasema wananchi walishirikishwa. Mkutano ulifanywa saa nne asubuhi, bahari imetulia, kwenye ukumbi wa hoteli. Wavuvi wote walikuwa majini. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi, na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka watu waarifiwe kabla matumizi ya ardhi hayajabadilishwa. Rudia mkutano huo baada ya Alasiri, pale dikoni mashua zinapofikia, na ramani uje nayo.

Ukija utaona banda la zamani la nyavu nyuma ya diko, limebaki kuta bila paa. Hapo ndipo samaki wanaposhushwa. Bustani iko juu, barabarani. Barafu italazimika kubebwa kuteremka na samaki kubebwa kupanda. Fundi gani alichagua huko? Au ni vile vibanda sita vya kukodisha vilivyochorwa pembeni ya mtambo, ambavyo vinataka kutazamana na barabara? Nauliza tu.

Mtoto wa kaka nimemwonyesha lile banda. Amelizunguka, akapima kwa hatua, akasema hata afadhali hapa, mgongo utapumzika. Kwa hiyo nyumbani kwetu yamekwisha. Yamebaki yako.

Ijumaa baada ya Alasiri tunaupaka ukuta chokaa, na ile X itafunikwa. Ukipita, brashi ya ziada ipo.

Wako,
Mkazi wa Shela, Malindi