Maabara ya Wi-Fi iwe na mipaka

Mhariri,

Chuo kinachofundisha upimaji wa usalama wa Wi-Fi kwa kumpa mwanafunzi kompyuta na programu, bila kumpa maabara yenye mipaka, kimeanza vibaya. Kadi ya Wi-Fi iliyowekwa katika hali ya kusikiliza (kunasa kila mawimbi ya Wi-Fi yanayoifikia) hunasa hata mawasiliano ya duka la jirani, na ya zahanati ng'ambo ya barabara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, na kuwa darasani si idhini.

Vifaa si vya gharama kubwa: ruta mbili za zamani zenye antena zinazofunguka, moja ikitoa mtandao na nyingine ikijiunga nao kama mteja (kifaa kinachotumia mtandao huo), pamoja na kompyuta yenye kadi ya kusikiliza. Waya wa intaneti usichomekwe kabisa. Ili mawimbi yapite kwenye waya badala ya hewani, fungua antena, unganisha vyote vitatu kwa kebo kwenye kigawanyi cha omu 50 cha aina ya ukinzani (kile cha televisheni ni cha omu 75, hakifai), na kila mkono uwekewe kipunguza mawimbi cha desibeli 30. Wanaoruka hatua hiyo ndio wanaounguza vifaa. Ruta hutoa karibu miliwati 100, yaani dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Zikimwagwa moja kwa moja kwenye kadi, sehemu ya kupokea inaweza kufa. Kwa vipunguzi hivyo zinafika chini ya dBm -40, na bado zinasikika vizuri sana. Tundu la antena lisilotumika lizibwe kwa kizibo cha omu 50.

Kisha toka nje na simu. Jina la mtandao likionekana, bado mawimbi yanavuja, mara nyingi kwenye bodi ya ruta yenyewe. Ifungie ndani ya kasha la chuma ambalo mfuniko wake unagusana na chuma pande zote.

Ruta ifungwe kwenye chaneli 6, upana megahezi 20. Ikiachwa ijichagulie itahama, kadi itabaki inasikiliza kimya, na mwanafunzi ataandika kwamba mtandao uko salama!

Cha kupima kwanza ni nywila ya namba ya simu, tuliyoizoea mno. Ina tarakimu 10, lakini ukijua inaanza na 07 zimebaki 8, yaani michanganyiko milioni 100. WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi, hukokotoa kila nywila pamoja na jina la mtandao mara 4,096 ili kuchelewesha anayebahatisha, na bado kadi ya picha ya kuchezea gemu hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Kwa laki tano, zote zinaisha kwa sekunde 200.

Halafu WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwenye ruta kwa PIN badala ya nywila. PIN yake ina tarakimu 8, ya mwisho ni ya kuhakiki tu, na ruta huzikagua nusu kwa nusu. Tangu Desemba 2011 inajulikana kuwa majaribio 11,000 yanatosha. Mwanafunzi aizime, kisha asome matangazo ya ruta yanayonaswa na kadi, maana zipo zinazoandika "imezimwa" huku zikiendelea kuitangaza.

WPA3, mfumo uliofuata WPA2, nayo isiaminiwe kwa jina. Ruta ikiruhusu WPA2 na WPA3 kwa pamoja kwa nywila ileile, simu ya zamani itaingia kwa WPA2, na hesabu ya sekunde 200 inarudi palepale.

Wakufunzi wa mitandao ya kompyuta,
Morogoro